Daphné na Pua ya Désiré

30 Oktoba

Daktari wa pua ametuagiza tuwe na daftari. Kila asubuhi Désiré, mume wangu, atafungua vichupa vinne, atanusa kila kimoja taratibu huku akihesabu hadi ishirini, na mtu mmoja ataandika alichosikia. Mtu huyo ni mimi, Pétronille, kwa sababu hati ya Désiré hata yeye mwenyewe haisomi. Vichupani kuna limau, karafuu, kahawa na majani ya mkaratusi, ule mti uliojaa kwenye vilima vya kwetu. Daktari alitaka waridi, si kahawa. Nikamwambia sisi ni watu wa Bukavu, tumekulia kwenye kahawa, habari za waridi awaulize wengine. Akacheka, akafuta waridi.

Tangu ile homa ya Februari Désiré hasikii harufu yoyote, miezi minane sasa. Kwa mtu mwingine ingekuwa usumbufu. Kwake ni msiba, maana yeye ni mpishi. Mgahawa wake uko hatua chache kutoka Porte de Namur, katikati ya mji huu wa ugenini, meza saba tu, na kuna watu wanaotoka hadi mji wa Liège kwa ajili ya sombe yake, kisamvu cha kwetu.

Daktari alisema mengi mengine: tusiruke siku, tusikate tamaa, na pua ikianza kuamka huenda ikaanza kwa kudanganya, kitu kizuri kikanuka vibaya. Désiré alikuwa ameshavaa koti. Ninaandika mimi ili mmoja wetu akumbuke.

Pua: hakuna kitu. Limau hakuna, karafuu hakuna, kahawa hakuna, mkaratusi hakuna.

1 Novemba, Toussaint (Watakatifu Wote)

Nimetoka kazini mapema (nahudumu katika nyumba ya wazee, hapa hapa Berchem-Sainte-Agathe), nikamkuta Désiré ameketi jikoni kwetu na koti lake mwilini. Aproni yake ya mgahawani ilikuwa mapajani, imekunjwa vizuri. Nikajua kuna jambo, kwa sababu aproni ile hailetwi nyumbani hata kufuliwa.

"Leo niliunguza sombe," akasema. "Marmite nzima. Batu banakohoa mu salle, mi niko tu nakoroga. Hervé njo alikuya kuniambia."

Hervé ni mpwa wake, wanapika pamoja mwaka wa tisa huu. Nikamwambia kuunguza kunamtokea kila mtu.

"Hapana, Pétro. Mupishi mwenye hasikie harufu ni kama chauffeur mwenye haone. Nitangoya mpaka Pâques. Kama pua haiyarudi, Hervé abakie na jiko. C'est tout."

Akainuka, akaitundika aproni kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na tisa. Akiinua sauti, sijali. Akisema polepole namna ile, ameshaamua: Pasaka ndiyo mwisho.

Pua: hakuna kitu.

3 Novemba

Mvua. Pua: hakuna kitu.

8 Novemba

Leo nimepanda mti. Mimi, niliyekaa miaka kumi na sita ghorofa ya tatu kule Saint-Gilles na chungu kimoja cha pilipili dirishani. Tulihamia hapa kiangazi, na nyuma ya nyumba kuna uwanja wa mita tano kwa saba ambao hadi leo nilikuwa naufagia tu.

Madame Lieve, jirani wa mkono wa kushoto, ana miaka sabini na sita na magoti mazuri kuliko yangu. Wiki iliyopita nilimuuliza juu ya ukuta: katika bustani yako yote, ni kipi kinachonukia kuliko vyote, na kinachotoa maua mapema? Hakufikiri hata kidogo. Daphné, akasema. Mwezi wa tatu, kabla kitu kingine chochote hakijaamka, na harufu yake inafika barabarani. Leo amekuja nao kwenye chungu, mti mfupi unaonifikia gotini, majani magumu yenye ukingo wa manjano, kama mtu aliyeyashonea pindo. Aliukuza kutoka kwenye tawi la mti wake, umemchukua miaka minne. Kwenye ncha za matawi tayari kuna matumba madogo ya rangi ya waridi yaliyofumba. Yatakaa hivyo hivyo majira yote ya baridi, yanangoja.

Kisha akanisomea masharti. Hautaki miguu yake ikae majini. Hautaki kuhamishwa ukishakaa. Hautaki kukatwa. Usiule, una sumu. Nikasema moyoni, kumbe nimeletewa mama mkwe. Tukauchimbia shimo chini ya ukuta unaotazama jua, tukachanganya mchanga, tukashindilia kwa mikono.

Désiré akauliza kutoka mlangoni ni mti gani. Nikamwambia ni wa kupendezesha uwanja tu. Sikumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba vichupa vile vinne ni vidogo mno, na mimi nataka harufu kubwa, harufu inayovunja mlango. Tena nataka iwe kabla ya Pasaka.

Pua: hakuna kitu.

15 Novemba

Nimegombezwa na Madame Lieve. Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi kama kawaida yangu, mpaka udongo unang'aa, nikaona kichwa chake juu ya ukuta. Akauliza kwa upole kwa nini naiba blanketi la daphné. Majani makavu yale ndiyo yanayofunika mizizi baridi ikija, akasema, usiyaondoe, ongeza. Akanirushia na mengine ya kwake, mfuko mzima.

Nimeyamwaga kuuzunguka mti, yamefika hadi kwenye matawi ya chini. Juu yake nitaweka gunia usiku wa baridi kali. Ninaandika haya na aibu kidogo. Mama yangu alituamsha saa kumi na moja tufagie uwanja kabla jirani hajapita. Uwanja wenye majani kwetu maana yake mwenye nyumba ni mvivu, au ni mgonjwa, au amekufa.

Pua: hakuna kitu.

16 Novemba

Hakuna kitu.

29 Novemba

Baridi ya kwanza ya kweli. Nimeuvika mti gunia, na ulivyo mfupi umekuwa kama bibi kizee aliyekwenda kuomba jambo ofisini. Nikipita nausalimia. Désiré amenisikia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye televisheni. Siku hizi anaketi hapo muda mrefu. Mgahawani anakwenda, lakini anakaa mbele na wateja, jiko amemwachia Hervé.

Pua: hakuna kitu. Karafuu aliinusa mara mbili, nikashika kalamu. Kumbe alikuwa amesahau kuhesabu.

9 Desemba

Hakuna kitu. Kazini wazee wawili wana mafua na mimi naona kila mafua ni adui wangu binafsi.

25 Desemba

Krismasi njema kuliko nilivyotarajia. Hervé alileta kuku, bugali (ugali wa kwetu) na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, tukala watu tisa mezani. Wote walisifu. Désiré naye alisifu, akamshika Hervé bega, akasema amekuwa mpishi kamili. Hervé alishusha macho kwenye sahani. Baadaye alinifuata kwenye sinki.

"Tantine, mi sitaki jiko ya tonton," akasema. "Nataka tonton arudi mu jiko."

"Mi pia," nikamjibu. "Panguza sahani."

Nilimwona Désiré akitafuna sambaza. Zamani angefumba macho. Leo alitafuna kama mtu anayetafuna bahasha, kwa adabu, mpaka zikaisha. Nilikasirika, nakiri. Nilimwona kama mtu aliyekwisha kubali, na mimi sijakubali.

Pua: hakuna kitu.

4 Januari

Hakuna kitu. Matumba yapo. Nimeyahesabu chini ya gunia: vishada kumi na vinne.

11 Januari

Naandika nikiwa bado na hasira, na mwandiko unaonyesha.

Kikundi cha maombi cha akina mama wa kanisa letu huzunguka nyumba kwa nyumba, na jana ilikuwa zamu yangu. Saa sita mchana nikapigiwa simu kutoka kazini, mwenzangu ameumwa, niende. Nikaacha sambusa na chai kwenye thermos, nikamwambia Désiré awafungulie. Jioni nilirudi kukiwa kumeshakuwa giza. Jikoni kulikuwa kunang'aa. Vyombo vimepangwa, sakafu imepigwa deki, na karatasi mezani: Mungu akubariki, ndugu yetu. Machozi yakanilengalenga. Nikalala fofofo.

Asubuhi nikafungua pazia. Uwanja wangu ulikuwa umefagiwa. Umefagiwa wote, kutoka mlangoni hadi ukutani, na mistari ya ufagio bado inaonekana kwenye udongo, imepangwa kama nywele zilizochanwa. Majani hakuna. Gunia hakuna. Katikati ya usafi ule daphné yangu imesimama uchi, nyeupe kwa barafu, na majani yake yamelegea kama masikio ya mbwa aliyegombezwa. Kipimajoto cha Madame Lieve kinasema digrii nane chini ya sifuri.

Nilitoka na kitenge na kandambili. Nikarudi, nikachemsha maji. Nilikuwa natoka na birika mkononi Madame Lieve akaniita kutoka dirishani: la, la, maji ya moto yataumaliza. Usiukate, usiuguse, usiumwagie chochote. Ufunike tu, ungoje. Hadi lini? Mwezi mmoja, akasema. Mwezi mmoja. Nikaketi kwenye ngazi na birika langu.

Kisha nikampigia Maman Laetitia, kiongozi wa kikundi. Alipokea kwa furaha.

"Maman Pétronille, uliona? Tulikuta taka mingi mu cour, na kagunia ka kuoza juu ya kamuti. Tukasema, alors, ndugu yetu anachoka, tumusafishie."

"Maman Laetitia," nikasema, "muliniulia muti wangu."

Akataka kujieleza. Nami sikunyamaza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la daktari. Nilimwambia afagie kwake. Nilikata simu.

Désiré alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Ni kamuti tu, Pétro."

"Si kamuti tu. Nilikapanda juu ya pua yako, ipone. Kanatoa harufu yenye inafika mu barabara. Nilisema labda hii utaisikia, mbele ya Pâques. Sasa utasikia nini?"

Akaingia ndani, nikasikia televisheni inawashwa. Nikasema basi, mtu na aache, kama ameacha ameacha. Nikatoa blanketi letu la zamani kabatini, nikaufunika mti peke yangu.

Jambo moja nitaliandika kwa sababu daftari halimwambii mtu. Ile mistari ya ufagio ilikuwa mizuri. Miezi miwili iliyopita ningeifagia hivyo hivyo mwenyewe.

Pua: hakuna kitu. Hatukunusa hadi saa tano, kwa sababu yangu.

12 Januari

Digrii tisa chini ya sifuri. Hakuna kitu.

18 Januari

Kanisani niliketi benchi la upande wa pili. Maman Laetitia aligeuka mara tatu, nami mara tatu nikasoma kitabu cha nyimbo, ukurasa ule ule. Nimekuwa mtoto wa shule. Majani ya daphné yameanza kuwa kahawia na kuanguka. Hakuna kitu.

24 Januari

Maman Laetitia amekuja. Désiré ndiye aliyemwona kwanza, kupitia dirisha: amesimama barabarani na mfuko mkubwa, anatazama kengele bila kuigusa, robo saa nzima. Nikasema mwache agandamane na uzio. Kisha nikaenda kufungua, maana upepo ulikuwa unakata masikio na yeye mgongo unamuuma.

Mfukoni mlikuwa na pazia la zamani la kanisa, lile jekundu zito la madhabahuni, alilomwomba mchungaji. La kufunikia mti. Nikasema ingia.

Alikunywa chai yake yote kabla ya kuzungumza. Mimi nikatazama mikono yake, ambayo imesafisha ofisi za mji huu miaka ishirini.

"Maman Pétronille, mi sikufagia juu uko mwenye uvivu. Nilifagia juu Papa Désiré ni mugonjwa. Kwetu, nyumba iko na mugonjwa, banamuke banakuya kufagia cour, si ni vile? Hata ku maman yangu kule Uvira, wakati alilazwa, balikuya kila asubuhi. Mi nilikuwa huku. Sikufagia hata siku moja."

Nikakumbuka. Ni kweli, ni hivyo kwetu. Baba alipougua uwanja wetu ulifagiwa mwezi mzima na watu ambao hatukuwaita. Nilikuwa nimesahau kabisa, au ghorofa ya tatu kule Saint-Gilles ilinisahaulisha, maana ngazi za jengo hazina uwanja. Kumbe akina mama wale waliuangamiza mti wangu kwa sababu ile ile iliyonifanya niupande.

Nilimwomba msamaha kwa yale ya simu. Akasema ameshayasahau, isipokuwa moja, ambalo atalitumia kwa mume wake. Tukacheka mpaka Désiré akaja kuchungulia. Tukatoka sote wawili na pazia, tukaufunika mti, na Maman Laetitia akauliza kama majani nayo yarudi. Nikasema yarudi. Akakusanya kwa mikono majani machache yaliyokuwa chini ya ukuta, mtu mwenye mgongo ule, akayapanga kwenye shina moja moja.

Pua: hakuna kitu.

3 Februari

Theluji imeanguka alfajiri, kidole kimoja tu. Niliamka kwenda kazini, nikafungua mlango wa jikoni, nikaona nyayo.

Zinatoka mlangoni, zinakwenda moja kwa moja hadi kwa daphné, zinarudi. Ni kandambili za Désiré, ile ya kulia imekatika kisigino, siwezi kukosea. Pale kwenye mti theluji imekanyagwa duara, kama mtu amesimama muda mrefu, kisha kuna alama mbili za magoti. Pazia limeinuliwa upande mmoja na kurudishwa vizuri.

Yeye alikuwa juu, anakoroma. Au anajifanya.

Nilisimama pale hadi nikachelewa tram. Mtu niliyesema ameacha, anatoka kwenye baridi kabla mimi sijaamka, anapiga magoti kwenye theluji, ananusa mti usio na ua hata moja. Sijui ameanza lini. Labda tangu siku ile niliyompigia kelele. Nimemdhania vibaya majira yote ya baridi, na ninalisema hapa wazi.

Sitamwambia kwamba nimeona. Nimefagia theluji mbele ya mlango ili nyayo zisionekane. Kufagia huku hakuna aliyenikataza.

Pua: hakuna kitu. Alinusa kwa dakika nyingi kuliko kawaida.

4 Februari

Hakuna kitu. Kandambili zake zilikuwa na maji.

15 Februari

Madame Lieve amekuja kukagua. Alikwaruza gome la kila tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, tawi lina uhai, pakiwa kahawia, basi. Tawi la kwanza kahawia. La pili kahawia. La tatu, la nne. Nilikuwa nimeshika mkono wa Désiré bila kukusudia. La tano, lile dogo la nyuma linaloegemea matofali, likawa kijani. Kijani kibichi kabisa. Na juu yake matumba yamesalia, vishada viwili.

"Viwili kati ya kumi na vinne," nikasema.

Madame Lieve akasema viwili vinatosha kujaza uwanja wote, nisimtukane daphné. Shina liko hai, mti utarudi, lakini polepole. Mwaka huu tuna tawi moja.

Désiré alikaa uwanjani muda mrefu baada ya kuondoka kwake. Alipoingia alikuwa na udongo magotini, na sikuuliza.

Pua: hakuna kitu.

22 Februari

Hakuna kitu. Matumba yamekuwa manene.

1 Machi

Maman Laetitia hupiga simu kila siku kuuliza hali ya mgonjwa. Mara ya kwanza nilidhani anamuulizia Désiré. Anauliza mti. Nampa taarifa kama ninavyowapa familia za wazee kazini: amelala vizuri, rangi inarudi. Pua: hakuna kitu.

7 Machi

Hervé ametupigia: anataka kujua Pasaka ni lini kamili mwaka huu, kana kwamba haijui. Désiré akamjibu tarehe tano mwezi wa nne, akakata. Wiki nne. Nimeitoa aproni kwenye msumari, nimeifua, nimeipiga pasi, nimeirudisha pale pale. Désiré aliona.

Hakuna kitu.

13 Machi

Ua la kwanza limefunguka saa tano asubuhi. Nje lina rangi ya waridi, ndani jeupe, dogo kuliko kucha yangu. Nilikuwa naanika nguo, na kabla sijageuka harufu ikaja ikanishika begani. Tamu, yenye limau ndani yake, na kitu kama karafuu mbali sana. Ua moja! Nilisimama na shuka lililolowa mikononi nikinusa kama mwizi.

Désiré aliporudi nilimpeleka. Aliinama. Akafumba macho, akahesabu hadi ishirini, akahesabu tena. Akainuka.

"Ni muzuri," akasema. "Nasikia vile unaipenda."

Nilijikaza kisabuni. Alinishika kichwa akakiegemeza kifuani kwake, kwa hiyo nikajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananifariji.

Pua: hakuna kitu.

14 Machi

Vishada vyote viwili vimefunguka. Zamu ya maombi tumeifanya kwangu tena, kwa ombi la Maman Laetitia. Akina mama kumi na mmoja walipanga mstari uwanjani kama wanakwenda kupokea meza ya Bwana, kila mmoja anainama, ananusa, anapisha mwingine. Hakuna aliyegusa ufagio. Mtu wa posta aliuliza kutoka barabarani ni manukato gani hayo. Désiré alikuwa mgahawani.

Hakuna kitu.

15 Machi, Jumapili

Nitaandika polepole nisikosee.

Tumetoka kanisani saa saba. Jua lilikuwa limetoka, joto la kwanza mwaka huu, na uwanja wote ulikuwa daphné. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Désiré alitoka nje kuvuta kiti akae juani. Nikasikia kiti kinaburutwa, kikasimama.

"Pétro. Ni nani anachoma pneu?"

"Fasi gani?"

"Apa. Ku majirani. Hausikie? Inanuka pneu ya camion, kabisa, ile ya mutaa ya Kadutu siku ya mugomo, ya ville morte. Mutu anachoma pneu siku ya Mungu, mu Berchem."

Nilitoka na kisu mkononi. Nikanusa. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na kitu angani isipokuwa ua langu. Désiré alikuwa amekunja uso, amejiziba pua kwa mkono, anazunguka uwanja akichungulia juu ya kuta kumtafuta mwenye matairi. Alitazama kwa Madame Lieve, akatazama upande wa pili. Kila akikaribia ukuta wenye jua, alizidi kukunja uso.

Ndipo maneno ya daktari yaliponirudia, yale aliyoyasema wakati Désiré ameshavaa koti. Kisu kikaanguka.

"Désiré," nikasema. "Sogea kwa daphné."

"Hapana, kule njo inazidi."

"Sogea."

Akasogea, kwa sababu nilisema polepole. Akainama. Akaruka nyuma kama ameungua, macho yamejaa machozi, anakohoa.

"Ni yeye," akasema. "Ni kamuti yako. Pétro, kananuka mubaya. Kananuka mubaya sana."

Nilimwona anaelewa, kutoka kwenye paji la uso hadi mdomoni.

"Kananuka," akasema tena.

Nilimrukia shingoni. Nililia, nilicheka, nilimwambia yote aliyosema daktari, kwamba pua ikiamka inaanza kwa uongo na baadaye inajifunza ukweli. Yeye hakunisikiliza hata nusu. Alirudi kwenye ua, akanusa, akatapika kidogo kwenye majani makavu, akanusa tena. Madame Lieve alitokea juu ya ukuta kuuliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia mume wangu anasema daphné yake inanuka tairi bovu linaloungua. Akafikiri. Akasema kwamba katika miaka yote hajawahi kuona mtu aliyeipenda kiasi hicho.

Nilipiga simu mbili tu. Maman Laetitia alipiga vigelegele hadi nikaweka simu mbali na sikio. Hervé akasema subiri, kisha nikasikia anafungua bomba ili nisisikie analia.

20 Machi

Daktari amefurahi kuliko ilivyo desturi ya madaktari. Itachukua miezi, amesema, na harufu zitarudi moja moja, zikiwa zimechafuka kwanza. Anayepika asipike peke yake kwa sasa. Désiré akamwambia hajawahi kupika peke yake, ana mpwa.

Jioni alisimama mbele ya mlango wa jikoni akaitoa aproni kwenye msumari. Alinusa pasi yangu juu yake, akakunja uso, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Kesho anaanza na Hervé, saa tatu. Hervé atanusa, yeye ataonja na kukoroga, mpaka pua ijifunze.

21 Machi

Amekwenda. Maua yamebaki machache, na nimeambiwa nisikate chochote, kwa hiyo sikati. Nyuma ya shina, pale palipokuwa kahawia, kuna chipukizi kama kichwa cha kiberiti. Majani makavu nimeyaacha, na yeyote apitaye aseme atakavyo.

Kabla hajatoka tulifungua vichupa.

Limau: tairi. Karafuu: tairi. Kahawa: tairi, na akasema hiyo inamwuma kuliko zote.

Mkaratusi: alikaa nao muda mrefu, akahesabu hadi ishirini, akaendelea. Nilimuuliza niandike nini.

"Andika pneu," akasema. "Lakini hii ni pneu ya Bukavu."